Kupima jinsi wagonjwa wa saratani wanavyosumbuka na miili yao, kwa lugha zaidi ya moja: hatua kwa hatua

Hii ni kwa wale mnaofanya utafiti au mnaohudumia wagonjwa wa saratani na mmeshaambiwa "dodoso lipo tayari, lifasirini tu mkusanye data". Hilo "tu" ndo linaloharibu kazi. Kufasiri maswali kumi mtu anamaliza jioni moja, lakini kuhakikisha kwamba alama 14 za mgonjwa aliyejibu kwa Kiswahili zina uzito uleule na alama 14 za mgonjwa aliyejibu kwa Kireno, yaani wote wawili wanaumia kwa kiwango kilekile, hiyo ni kazi nyingine kabisa, na wengi wanairuka alafu kwenye ripoti wanaandika kwamba wanawake wa kundi fulani wanateseka zaidi na miili yao kuliko wa kundi lingine wakati kilichotofautiana ni jinsi swali la tatu lilivyoandikwa.

Nimeipanga kwa hatua ila hatua zenyewe hazilingani, kuna za siku moja na kuna za miezi.

Hatua ya 1: Jua unapima nini

Saratani na tiba zake zinabadilisha mwili kwa njia nyingi. Titi limeondolewa, nywele na nyusi zimenyonyoka kwa kemo, kucha na ngozi zimekuwa nyeusi, uso umeumuka kwa dawa za steroidi, mkono umevimba baada ya kutolewa tezi za kwapani, kipande cha taya kimekatwa, haja kubwa inatokea tumboni kwenye mfuko. Na kuna yale ambayo ukimwangalia mtu huyaoni: hedhi kukoma mapema, ukavu ukeni, nguvu za kiume kupungua baada ya operesheni ya tezi dume.

Sasa wewe hupimi hayo mabadiliko. Unapima yanavyomsumbua mwenyewe: aibu, kukwepa kioo, kukwepa watu, kuvaa nguo za kuficha, kuogopa kuguswa na mwenza. Mtu anaweza kuwa na kovu kubwa la kifuani na asiwe na shida nalo, mwingine kakovu kadogo ka shingoni kamemfungia ndani. Ndo maana daktari kumwangalia na kukadiria "huyu atakuwa sawa" haitoshi, lazima aulizwe.

Na usichanganye na sonona. Mara nyingi vinatembea pamoja, lakini mtu anaweza kulala vizuri, kula vizuri, kucheka na wenzake, na bado hajauangalia mwili wake akiwa uchi tangu atoke theatre. Dodoso la sonona halitamkamata huyo.

Hatua ya 2: Chagua dodoso, na uombe ruhusa

Linalotumika sana ni Body Image Scale, kwa kifupi BIS, la Penelope Hopwood na wenzake, lilichapishwa 2001 wakishirikiana na kundi la ubora wa maisha la EORTC, ile taasisi ya Ulaya ya utafiti wa saratani yenye makao Brussels. Lina maswali 10, kila swali majibu manne kuanzia 0 mpaka 3, kwahiyo jumla inaanzia 0 inaishia 30 na alama zikipanda maana yake mtu anasumbuka zaidi. Walianza kulijaribu kwa wagonjwa 276 wa Uingereza wenye saratani mbalimbali, wakalirekebisha, alafu wakalipima tena kwa wagonjwa 682 wa saratani ya matiti na alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, ikatoka 0.93. Baada ya hapo limefasiriwa Kigiriki, Kireno, Kiholanzi, Kikorea, Kihispania na lugha nyingine.

Uzuri wake ni fupi, mgonjwa aliyechoka analimaliza. Udhaifu wake ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka kwa wanawake wenye saratani ya matiti, kwahiyo ukilipeleka kwa mwanaume aliyekatwa ulimi utapata namba ndiyo, ila mengi yanayomkera hayamo humo. Kwa saratani za kichwa na shingo kuna IMAGE-HN ambalo limetengenezwa kwa ajili yao. Na kama tayari unatumia QLQ-BR23 la EORTC kwa saratani ya matiti, ndani yake kuna maswali manne ya mwonekano wa mwili, yanatosha kwa picha ya harakaharaka. Ila angalia hapo: kwenye BR23 sehemu hiyo inahesabiwa 0 mpaka 100 na namba kubwa ni nzuri, kinyume na BIS. Ukiyaweka yote mawili kwenye jedwali moja bila kusema, msomaji atapotea na wewe mwenyewe utapotea.

Kabla hujafasiri hata neno moja waandikie wenye dodoso. Waulize mambo mawili, kama ruhusa ipo na kama tayari kuna toleo la lugha yako. EORTC wana utaratibu wao wa kufasiri na hawataki mtu ajifanyie kivyake. Kama toleo lipo litumie hilohilo, usianzishe lingine eti kwa sababu la kwanza hukulipenda, maana mkishakuwa na matoleo matatu ya lugha moja hakuna atakayeweza kulinganisha chochote. Lakini kuwepo kwake hakukuondolei hatua ya 5.

Hatua ya 3: Andika karatasi ya maana

Hii haichukui muda na inaokoa vurugu zote za mbele. Chukua kila swali, andika chini yake sentensi moja au mbili: linatafuta nini, na halitafuti nini.

Mfano kuna swali linalouliza kama mgonjwa anahisi tiba imeuacha mwili wake haujakamilika. Linatafuta hisia. Mfasiri ambaye hajaelezwa anaweza kuandika "Je, mwili wako umepungukiwa na kiungo?" na Kiswahili chake kimenyooka kabisa, hakina kosa. Mama aliyeondolewa titi atasoma, atasema ndiyo, sana, kwa sababu ni kweli titi halipo, na utamwandikia alama 3 za kuteseka wakati alichokupa ni taarifa tu. Kwenye karatasi ya maana unaandika: *tunauliza anavyojihisi, hatuhesabu viungo.* Na kwa swali la kovu: *tunauliza anavyolichukulia, sio ukubwa wake.*

Tuma hii karatasi kwa wafasiri wa lugha zote, sio ya kwako peke yake. Kama lugha nne zinafanya kazi pamoja, wote wafasiri kutoka kwenye maelezo yaleyale.

Hatua ya 4: Fasiri, rudisha, kaeni kamati

Hapa utaratibu unajulikana, sitakaa sana. Watu wawili wanafasiri kila mmoja peke yake, wote wawe wazawa wa lugha inayofasiriwa, na inapendeza mmoja awe anajua mambo ya saratani na mwingine asijue kabisa, maana huyo wa pili ndo ataandika kama watu wanavyoongea. Mnaziweka tafsiri mbili pamoja mnatoa moja. Alafu wengine wawili, ambao hawajaliona la asili, wanairudisha kwenye lugha ya mwanzo. Kisha kamati inakaa na karatasi zote mezani: wafasiri, daktari au muuguzi, mtu wa takwimu, na mgonjwa, ndiyo, mgonjwa mwenyewe, sio anayemsemea.

Nionavyo mimi ile tafsiri ya kurudisha inapewa heshima kuliko inavyostahili. Tafsiri mbaya ya neno kwa neno inarudi vizuri kabisa, inalingana na la asili mpaka nukta, kwa sababu imefuata maneno yake moja moja. Na tafsiri nzuri iliyoliacha umbo la sentensi ikachukua maana itarudi ikiwa tofauti, na kuna mtu kwenye kamati atasema "hapa mmekosea". Itumieni kukamata makosa ya wazi kama swali lililogeuka maana au neno lililoachwa, basi. Haiwaambii kama mgonjwa ataelewa.

Kila uamuzi uandikwe na sababu yake. Miezi ikipita mtaulizwa kwa nini mliacha neno fulani na hakuna atakayekumbuka.

Hatua ya 5: Kaa na wagonjwa, hapa usiharakishe

Kama una bajeti ndogo, ikate kwingine kote lakini sio hapa. Hii ndo mahojiano ya uelewa: unampa mgonjwa dodoso, anajibu, alafu mnarudi swali kwa swali. EORTC huwa wanajaribu tafsiri kwa wagonjwa 10 mpaka 15, na kwa mujibu wa COSMIN ambao ndo wanaotoa vigezo vya ubora wa vipimo hivi, kila swali lipitiwe na wagonjwa wasiopungua 7. Mimi nasema chagua watu wanaotofautiana: waliosoma na ambao hawakusoma sana, vijana na wazee, wanaume kwa wanawake, walio na wenza na wasio nao, wa operesheni na wa mionzi. Wagonjwa 12 wa aina moja hawakusaidii.

Maswali ya kumuuliza ni ya kawaida tu. "Hili umelielewaje, nirudishie kwa maneno yako." "Ulivyosema kidogo, ulikuwa unafikiria nini?" "Kuna mtu unamjua ambaye hili lingemkera?" Alafu unyamaze. Usimsaidie kuelewa, kwa sababu siku ya kukusanya data hutakuwepo pembeni ya kila mmoja.

Mambo ambayo ni lazima uyatafute, maana yanajificha:

*Maswali ya kukanusha.* BIS lina maswali ya kutoridhika, mfano kutoridhika na unavyoonekana ukiwa umevaa. Lifasiri moja kwa moja upate "Je, hukuridhika na mwonekano wako ulipokuwa umevaa?" na jibu la kwanza kwenye orodha liwe "Hapana kabisa". Sasa kaa usome kama mgonjwa. Kwa Kiswahili ukiulizwa "hujala?" na kweli hujala, unasema "ndiyo, sijala", unakubaliana na kukanusha, na kuna wanaosema "hapana, sijala". Kwahiyo kuna mgonjwa atakayechagua "hapana kabisa" akimaanisha hapana, sikuridhika kabisa. Huyo ndo anayeteseka kuliko wote, na fomu yako imemwandikia sifuri. Kikorea na Kijapani nao wana huo mtindo wa "ndiyo, sijala", na Kiingereza hakijibu hivo, kwahiyo swali lilelile linafanya kazi vizuri kwenye lugha moja na linageuka juu chini kwenye nyingine bila mtu yeyote kukosea sarufi. Dawa yake ni kulibadilisha umbo: "Kwa kiasi gani mwonekano wako umekukera ulipokuwa umevaa?" na jibu la kwanza liwe "Haujanikera hata kidogo". Kamati ijadili kama "kukera" ni kali kuliko "kutoridhika", na huo mjadala muufanye kweli, kwa sababu ukilipandisha swali ukali wachache watalikubali na lugha yako itaonekana ina wagonjwa wenye furaha.

*Ngazi za majibu.* Majibu manne yanatakiwa yapande kwa hatua zinazokaribiana. Andika kila jibu kwenye kadi yake, changanya, mpe mgonjwa azipange kutoka chini kwenda juu. Alafu chora mstari mrefu kwenye karatasi, mwambie aziweke kadi pale zinapostahili. Utaona wenyewe: "kidogo" inakaa chini, "sana" juu, lakini "kiasi" inahamahama, kuna anayeibandika juu ya kidogo kabisa na kuna anayeipeleka karibu na sana. Ngazi ya namna hiyo itavuruga maswali yote kumi kwa mpigo, sio moja, kwahiyo ni zoezi la robo saa lenye faida kuliko mengi ya gharama. Mjaribu "wastani", jaribuni "kwa kiasi kikubwa", mpaka kadi zikae kwa mpangilio mmoja.

*Muda.* BIS linauliza kuhusu wiki iliyopita. Mgonjwa anayejibu Alhamisi anaweza kufikiria Jumatatu mpaka Jumapili ya juma lililoisha na kuziacha nje siku hizi tatu nne ambazo pengine ndo alitolewa bandeji. Andika "katika siku 7 zilizopita, pamoja na leo", mambo yaishe.

*Uanamke na uanaume.* Swali la kujihisi umepungukiwa uanamke au uanaume. Kuna lugha ambazo jinsia ipo ndani ya kivumishi chenyewe kwahiyo unahitaji fomu mbili, na kuna lugha kama hii yetu ambayo haibadiliki. Shida yetu ni nyingine: ukiuliza kama mtu anajiona "si mwanamke kamili" umeshamtukana. Mahojiano yatakuambia. Sikiliza wagonjwa wenyewe wanavyolisema jambo hilo wakiwa wanaongea, alafu uchukue maneno yao.

*Mvuto wa kimapenzi.* Litaachwa wazi na wengi. Wajane, wazee, wasio na mwenza, na wale ambao wanaona hili halizungumzwi na mtu usiyemjua. Usilitoe. Tafuta namna ya staha ambayo bado inasema kinachosemwa, kwa sababu ukilifunika sana, mfano ukaandika "mahusiano yako na mwenza", mtu atajibu kuhusu ugomvi wa nyumbani.

Mwisho wa mahojiano uliza: "Kuna kitu kuhusu mwili wako kinachokusumbua na hatujakuuliza?" Utasikia mambo. Harufu ya kidonda. Sauti ya mfuko ukijaa hewa mbele za watu. Kukaziwa macho. Hayo yaandike na kama yanajirudia tengeneza maswali ya ziada, ila yakae sehemu yake na yahesabiwe peke yake. Ukiyachanganya kwenye ile jumla ya 30, hiyo sio BIS tena.

Rekebisha, jaribu kwa wagonjwa wapya, rekebisha tena, mpaka usisikie jipya.

Hatua ya 6: Panga dodoso litakavyojazwa

Dodoso limetengenezwa mtu alijaze mwenyewe kimya kimya. Asiyeweza kusoma, au aliyepoteza uwezo wa kuona vizuri, atasomewa, na hapo kipimo kinabadilika maana kumwambia mtu mwingine usoni "siwezi kujiangalia nikiwa uchi" si sawa na kuweka alama kwenye kiboksi. Kwa kawaida watu wakisomewa wanajipunguzia shida. Kama lugha moja watu wako wote walijaza wenyewe na lugha nyingine wote walisomewa, tofauti utakayoiona hutajua imetoka kwenye lugha au kwenye kusomewa. Jitahidi njia iwe moja kote, na ikishindikana andika kwa kila mgonjwa alijazaje.

Anayesoma asome kama ilivyoandikwa. Akiulizwa "una maana gani?" arudie swali, asilifafanue kwa maneno yake, maana hapo ndo unakuwa na tafsiri mpya kila chumba. Sauti yenyewe iliyorekodiwa ikichezwa kwenye simu na mgonjwa akabonyeza jibu mwenyewe ni suluhisho zuri, nashangaa halitumiki sana.

Ndugu watoke nje. Kwa upole, ila watoke. Mume akiwa amekaa pembeni swali la mvuto wa kimapenzi halina jibu la kweli, na binti akimfasiria mama yake papo hapo mama ataficha na binti atapunguza. Ndugu asitumike kuwa mkalimani kabisa kwenye kazi hii.

Na kabla ya mgonjwa wa kwanza, amueni atakayepata alama za juu au atakayelia katikati ya maswali anapelekwa kwa nani, kwa jina la mtu na namba yake ya simu, sio "atapewa rufaa". BIS halina kiwango kimoja ambacho wote wamekubaliana kwamba kuanzia hapo mtu ana shida, baadhi ya tafiti zimetumia 10 na kuendelea, kwahiyo chagueni chenu cha tahadhari na mkiandike kwamba ni cha kuwaangalia watu, sio cha kuthibitisha ugonjwa.

Hatua ya 7: Takwimu za kila lugha peke yake

Anza kwa kuangalia majibu yenyewe kabla hujakimbilia programu. Kila swali, wangapi 0, wangapi 1, 2, 3, wangapi wameacha. Swali ambalo limeachwa na watu wengi kwenye lugha moja na halijaachwa kwenye nyingine tayari linakuambia kitu. Swali ambalo wote wamejibu 0 nalo halipimi chochote.

Walioacha: amua kanuni mapema. Kwenye vipimo vya EORTC kanuni inayotumika ni kwamba kama mtu amejibu angalau nusu ya maswali ya sehemu husika, yaliyobaki unayajaza kwa wastani wa aliyojibu. Swali la kovu liwe na "halinihusu", na kamwe aliyesema halimhusu usimwandikie sifuri kimya kimya bila kanuni iliyoandikwa.

Alfa ya Cronbach, sawa, ifanye, 0.70 na zaidi inakubalika. Ikivuka 0.95 usishangilie, mara nyingi maana yake maswali yanarudia kitu kilekile. Alfa inasema maswali yako yanakwenda pamoja ndani ya lugha hiyo, haisemi chochote kuhusu kulinganisha lugha mbili. Nimesoma ripoti nyingi zinaonyesha alfa 0.91 huku na 0.92 kule alafu zinahitimisha kwamba matoleo yanalingana. Hapana.

Kisha uchambuzi wa fakta, yaani kuangalia kama maswali yote yanapima kitu kimoja kilichojificha nyuma yake (hicho ndo fakta) au zaidi. BIS la asili lilielekea kwenye fakta moja. Majibu yako ni ngazi nne kwahiyo mwambie mtu wa takwimu ayachukulie kama ngazi, asiyafanye kana kwamba ni kilo au sentimita. COSMIN wanataka wagonjwa wasiopungua 100 na pia wafike mara saba ya idadi ya maswali. Ongeza vipimo viwili: wagonjwa haohao wajaze tena baada ya wiki kama mbili wakiwa hawajaanza tiba mpya, na makundi ambayo unajua yanatofautiana yatofautiane kweli, mfano walioondolewa titi lote dhidi ya waliotolewa uvimbe tu.

Hatua ya 8: Linganisha lugha zenyewe

Hapa sasa ndo swali la mwanzo linajibiwa. Kama umepima mizigo miwili kwa mizani mbili tofauti, huwezi kusema upi ni mzito mpaka ujue mizani zinasoma sawa, na huo uchunguzi unaenda kwa ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza, umbo: maswali yaleyale yanakaa kwenye fakta ileile kwa lugha zote? Ya pili, nguvu: kila swali linahusiana na hiyo fakta kwa nguvu zinazokaribiana? Ikipita hapa unaweza kulinganisha mahusiano, mfano kama usumbufu wa mwili unaenda na sonona kwa lugha zote. Ya tatu, mwanzo: watu wawili wenye usumbufu uleule kabisa, mmoja kila lugha, watachagua jibu lilelile? Hii ya tatu isipopita, wastani wa kundi moja na wa lingine haulinganishwi, hata kama kila kitu kingine kimependeza. Kipimo cha haraka kinachotumika tangu Cheung na Rensvold wakiandike 2002 ni kwamba ukipanda ngazi, CFI, yaani namba inayoonyesha modeli yako inavyoendana na data, isishuke zaidi ya 0.01. Usikitegemee peke yake, na kwa data ya ngazi kama hii mtu wa takwimu aangalie na mengine.

Unahitaji watu, kama 200 kwa kila lugha ndo uongee kwa kujiamini. Una 60 na 70? Usifanye hii hatua. Ripoti mahojiano ya uelewa, ripoti majibu yalivyotawanyika, useme toleo lipo na linaeleweka, na usilinganishe wastani. Ni ripoti halali kabisa.

Tahadhari moja ambayo inasahaulika: lugha haiji peke yake. Pengine kundi la lugha moja wengi wameondolewa titi lote kwa sababu waligundulika wakiwa wamechelewa, na kundi lingine wengi wamehifadhiwa titi. Au hawa wamehojiwa mwezi mmoja baada ya operesheni na wale mwaka mmoja. Ukiona tofauti, kwanza hakikisha umelinganisha watu wanaofanana kwa tiba, umri, hatua ya ugonjwa na muda tangu operesheni, ndipo ulilaumu swali.

Ukishagundua swali linalopotoka, usilifute. Rudi kwenye daftari la kamati na kwenye mahojiano ya hatua ya 5, mara nyingi sababu utaikuta imeandikwa humo: mgonjwa fulani alisema "hapa sikuelewa". Kama yamepotoka maswali mawili matatu na mengine yako sawa, kuna njia ya kuyaacha hayo yawe huru kwa kila lugha na kulinganisha kwa kutumia yaliyobaki, ila useme wazi ni yapi na uonyeshe matokeo yanabadilika kiasi gani ukiyaachia na usipoyaachia. Kama yaliyopotoka ni mengi, linganisha ndani ya lugha tu: mgonjwa kabla na baada ya tiba, kundi lililopata ushauri na ambalo halikupata, wote kwa lugha moja. Hayo bado yanafaa sana, na mara nyingi ndo kliniki inachohitaji kujua.

Kwenye ripoti ambatisha dodoso lenyewe kwa kila lugha kama wenye haki wanaruhusu, useme njia ya kujaza, kanuni ya walioacha, na alama za swali moja moja sio jumla peke yake, ili atakayekuja na lugha ya tano aweze kuziweka zake pembeni ya zako.